Kuku Aliyelalia Mawe

Nyumba ya kuku ya Kyakimwa ilikuwa jengo zuri kuliko yote yaliyojengwa mtaa wa Vulamba, Butembo, mwaka ule. Tuongeze upesi, kabla jirani hajaongeza, kwamba mwaka ule hakuna mwingine aliyejenga kitu. Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Waasi walikuwa wamepita Butembo wakaondoka, askari wa serikali walisemekana wako njiani, na mwenye matofali aliyaacha uani yaote majani. Na jengo lenyewe, ukilitazama kutoka upande wa mvua, lilikuwa limeinama kidogo kama mtu anayetafuta sindano chini.

Fundi alikuwa Melchior, mume wa Kyakimwa. Melchior alikuwa mwashi, na mwashi aliyekaa bila kazi ni mtu wa hatari: umwombe banda la kuku, atakujengea kanisa. Alilisimamisha juu ya miguu minne ya mikaratusi, kimo cha kiuno, ili kicheche asifike. Kila mguu aliupaka mafuta machafu ya gari ili siafu wateleze. Kuta zilikuwa za matete yaliyokandikwa udongo, na paa la madebe aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo siku mbili nzima, mpaka majirani wakaomba amani. Ndani aliweka kijiti cha kulalia, kitunga chenye majani makavu pembeni, na majivu chini kwa ajili ya chawa. Kosa lilikuwa moja, nalo lilikuwa mlango. Aliupima kwa kuku, hakuupima kwa mtu. Aliyetaka kufikia kitunga ilibidi aingize mkono mpaka begani, shavu limebanwa ukutani, akipapasa kama anayemzalisha mbuzi.

"Mwizi akiingiza mukono hapa, tutamukuta hapa asubui," Melchior alisema, akirudi nyuma hatua tatu kutazama kazi yake.

Kyakimwa alikuwa anaupima mkono wake kwa macho.


Jambo lenyewe lilikuwa limeanzia kwenye dispanseri, wiki tatu nyuma. Kavira, binti yao wa pekee, wa miaka mitatu, alikuwa ameacha kucheza. Alikaa pale alipowekwa. Miguu ilimvimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na nywele zake zilikuwa zimekuwa nyekundu, laini, kama ndevu za mahindi. Mganga Edmond hakuhitaji kumgusa mara mbili.

"Mama Kavira, hii ni bwaki, ugonjwa ya kukosa chakula ya nguvu. Munamukulisha nini?"

"Bukari na sombe." Ugali na kisamvu, basi.

"Na siku ingine?"

"Siku ingine bukari."

"Na maharagi?"

"Maharagi iko ku shamba, na shamba iko kule waasi balipita. Nani ataenda kuvuna?"

Edmond alifungua kabati lake na kumwonyesha makopo ya maziwa ya unga, yamepangwa vizuri, yote matupu. Alimwonyesha kwa heshima, kama anayemfunulia mtu uso wa marehemu.

"Iliisha tangu njia ilifungwa. Donc dawa yake haiko hapa tena. Dawa yake iko ku matako ya kuku."

Kyakimwa alidhani anatukanwa. Alianza kumfunga mtoto mgongoni.

"Yayi, mama! Nasema yayi. Moja kila asubui. Mwezi moja, mbili, utaona nywele inarudia nyeusi. Ikikosa..." Edmond alifunga kabati polepole, asimalize.

Sokoni siku ile mwanamke mmoja tu alikuwa na mayai. Matatu, kwenye sahani, ameyafunika kitambaa cheupe kama vitu vya altare. Kyakimwa alifungua kikwembe chake cha pili, kile cha kwendea misa, akakiweka mbele yake. Mwanamke alikinyoosha, akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole katikati.

"Kwa hii nitakupa moja."

"Kikwembe muzima, yayi moja?"

"Yayi yangu haina tundu, mama."

Watu wakacheka, hata wale ambao hawakuwa na yai wala kikwembe. Kyakimwa alikunja nguo yake vizuri, pembe kwa pembe, kwa sababu ukikunja upesi watu wanaona umeumia.


Kuku alitoka kwa Sikitu. Sikitu, mama yake Jumaine, alikuwa mke wa Asumani, Waislamu wa Mulekera kule Beni, watu wa lori. Lori lao lilileta mafuta ya mawese na mchele, likarudi na viazi vya Alimbongo, na Kyakimwa alikuwa akimchagulia Sikitu viazi, vizuri juu na vibaya pia juu, hakumdanganya. Ndiyo maana Sikitu alimwamini.

Aliteremka kutoka kwenye lori akiwa na kitunga kichwani, na ndani ya kitunga kuku mweusi mwenye shingo isiyo na manyoya. Sikitu alimtazama kwanza mtoto mgongoni. Alizigusa zile nywele nyekundu kwa vidole viwili.

"Masikini," alisema. "Masikini, Mama Kavira." Kisha akarudi kwenye biashara. "Kule Beni kuku zinaisha. Waasi balikula nusu, maaskari banakuya kukula nusu. Njo maana natawanya zangu, huku moja, huku moja. Huyu nakupa wa kugawana."

Kugawana kila mtu alikujua. Unafuga kuku wa mwenzako, akiangua mnakata katikati.

"Mayayi yote ilalie," Sikitu alisema. "Vifaranga, nusu yangu, nusu yako. Akiangua mara tatu, mama kuku anarudi kwangu. Lakini mayayi, hapana kula. Hata moja. Yayi ni kifaranga. Ukikula yayi, ni kuku yangu ulikula."

"Nasikia, Mama Jumaine."

"Apa."

Kyakimwa aliapa. Aliapa kwa jina la mtakatifu, na alichukua muda kidogo kuchagua mmoja asiye mkali sana.

Nyumbani kulikuwa na kizuizi cha pili, nacho kilikuwa kimekaa mlangoni kikichambua sombe. Huyo alikuwa Maliro, mama yake Melchior, aliyekimbia kijiji chake karibu na Alimbongo na chungu kimoja na rozari. Maliro alikuwa na mambo mawili aliyoyajua kwa hakika. La kwanza, kwamba tangu abatizwe hakuwahi kusema uongo hata mmoja; alilisema hili mara nyingi, hata pasipoulizwa. La pili, kwamba mwanamke hali yai, na mtoto wa kike ndiyo kabisa.

"Muganga alisema ni dawa, mama," Kyakimwa alijaribu, mara moja tu.

"Edmond alizaa batoto ngapi?"

"Moja."

"Miye kenda. Mwanamuke akikula yayi, tumbo yake inafunga. Mama yangu hakukula, miye sikukula, na tuko hapa."

"Tuko hapa," Melchior aliunga mkono, kwa kuwa yeye, mwanamume, alikula yai kila lilipopatikana, na firigisi ya kuku ilikuwa yake bila mjadala. Lakini kuku alimfurahia kwa sababu nyingine. Alikwisha kuhesabu. Kuku wawe kumi, kumi wawe mbuzi, mbuzi wawe watano, na hapo mwashi hasubiri tena wazungu warudi kujenga kuta. Alikuwa na mbuzi watano kichwani kabla kuku hajamaliza kuzunguka uani.


Kuku alikaa siku sita akiwachunguza, siku ya saba akataga. Alitangaza mwenyewe, mtaa mzima ukasikia. Kyakimwa aliliacha yai lile la kwanza kwenye kitunga, akalitia alama ya makaa, kwa sababu kuku akikuta kitunga kitupu anakwenda kutaga kwa jirani. La pili alilichemsha ndani ya kopo la sombe.

Nyuma ya banda, kati ya ukuta wa matete na uzio, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na mtoto. Hapo ndipo alipompeleka Kavira asubuhi ile, na kila asubuhi iliyopata yai. Alimfungua kitambaa cha kichwani, alichoanza kumfunga ili watu wasione, azitazame nywele. Kisha alimwambia: "Funga macho. Fungua kinywa." Mtoto asijue anakula nini, asije akamwambia bibi yake. Kavira alifunga macho kwa nguvu zote, akafungua kinywa mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akangoja. Alikula bila kuuliza. Akimaliza, Kyakimwa alimpangusa, akamfunga kitambaa tena, na maganda akayasaga kwa kisigino akamrudishia kuku mwenyewe.

Tatizo likabaki kwa Maliro. Maliro hakuweza kuingiza mkono wake mgumu katika mlango wa mwanawe, lakini kuchungulia aliweza, na kila jioni alichungulia. Alitaka kuona mayai yakiongezeka. Yasipoongezeka angeuliza. Basi kila Kyakimwa alipotoa yai, aliweka jiwe. Melchior alikuwa na fungu la mawe ya mtoni nyuma ya nyumba, aliyoyakusanya kwa sakafu ya mtu fulani aliyekimbia kabla ya kulipa. Kyakimwa alichagua yale madogo, meupe, yenye mgongo laini.

"Kumi na moja!" Maliro alisema jioni moja, paji la uso limewekwa mlangoni. "Huyu kuku ya musilamu iko na baraka."

"Iko na baraka, mama," alisema Kyakimwa.

Asumani alipopita na lori, alisimama barabarani bila kuzima injini.

"Mama Kavira! Bibi yangu Sikitu anauliza, mayayi ni ngapi?"

Hapa Kyakimwa angeweza kusema kumi na moja. Lakini kumi na moja zingetakiwa kuanguliwa, na jiwe haliangui. Akatafuta, akapata jibu ambalo watu wote walikuwa wanalitumia mwaka ule kwa kila kitu kilichopotea.

"Maaskari balipita. Balikula zote. Atataga tena."

"Maaskari? Wapi? Natoka Beni mupaka hapa, sikuona hata boti moja ya askari."

"Balikuwa bachache," alisema Kyakimwa.

Asumani alitikisa kichwa, akatia gia. Alikuwa na haraka ya kufika Alimbongo kabla ya mvua, na mtu mwenye haraka haulizi mara mbili.


Yai la kumi na nane lilipoingia tumboni mwa Kavira, Kyakimwa alifungua kitambaa na kuona kitu kwenye ngozi ya kichwa. Alidhani ni uchafu. Akatema mate kwenye kidole, akasugua. Hakikutoka. Kilikuwa nywele, nyeusi, upana wa ukucha, na juu yake ile nyekundu ya zamani ikining'inia kama majani makavu. Siku hiyo Kavira alimkimbiza kuku uani, hatua nne, akaanguka, akacheka. Kyakimwa alikaa chini palepale nyuma ya banda. Alifunga kile kitambaa vizuri zaidi kuliko siku zote, mafundo mawili.

Kesho yake aliingiza mkono, akadonolewa.

Kuku alikuwa amekaa. Alikuwa amevimbisha manyoya, macho yameganda, na chini yake kulikuwa na mawe kumi na manane na yai moja la makaa lililokwisha kuoza. Kitunga kilikuwa kimejaa, na kuku ni mwanamke wa nyumbani: aliona kimejaa, akaona kazi ya kutaga imekwisha, sasa ni kulalia. Uongo uliotayarishwa kwa mama mkwe alikuwa ameuamini kuku.

Kyakimwa alijua cha kufanya. Kila mwanamke anajua. Unamchukua kuku, unamtumbukiza kwenye maji baridi, unamnyang'anya kitunga, siku chache anasahau na kuanza tena. Alikuwa na ndoo mkononi wakati Maliro alipotoka nyumbani.

"Unafanya nini na kuku inalalia?"

"Nataka... nataka nimunyweshe."

"Ndoo muzima? Wacha! Wacha ilalie!"

Tangu siku hiyo Maliro alihamishia kiti chake mbele ya banda. Alisema rozari hapo. Alimlisha kuku mahindi mkono kwa mkono, mahindi ambayo hata watu walikuwa wanayahesabu. Alichukua kamba, na kila asubuhi alifunga fundo moja, kwa sababu mafundo yakifika ishirini na moja vifaranga watalia.

"Fundo ya tano," alimwambia Kyakimwa.

"Ndiyo, mama."

"Fundo ya kenda. Nilisikia kitu ndani, kama kinagonga."

"Ndiyo, mama."

Kavira aliamka kila asubuhi akajipeleka mwenyewe nyuma ya banda. Kyakimwa alimkuta huko amekaa kwenye nafasi yao, macho yamefungwa, kinywa wazi. Alimbeba akamrudisha ndani. Siku ya kumi na mbili mtoto alikataa kutembea. Siku ya kumi na nne Kyakimwa alibonyeza mguu wake kidole, na shimo lilikaa muda wa Salamu Maria nzima. Mara mbili alifungua kinywa ili amwambie mama mkwe ukweli. Mara zote mbili Maliro alikuwa anaimba wimbo wa bikira, na kuku chini ya wimbo alikuwa ametulia, akiyapasha joto mawe ya Melchior.


Askari wa serikali walifika kwenye fundo la kumi na tisa, saa ya mchana. Walikuwa watatu. Mmoja alivaa buti mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, na huyo ndiye aliyekuwa mkubwa, wa kuitwa chef.

"Mama, soso eza wapi?"

Kilingala Kyakimwa hakukijua, lakini neno hilo mtaa mzima ulikuwa umejifunza. Soso ni kuku.

"Kuku hapana iko, chef. Iliisha."

Askari aligeuka, akalitazama lile jengo zuri kuliko yote, lenye paa la debe liking'aa juani.

"Na ile? Ni kanisa?"

Melchior, masikini, hakuwa amesifiwa kazi tangu uhuru.

"Ni miye nilijenga," alisema.

Askari wa buti moja aliingiza mkono. Kuku alimdonoa, akataka kuutoa, ukakwama kwenye kiwiko. Wenzake wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mwenye bunduki hapendi kuchekwa akiwa ameshikwa na banda. Alipoutoa mkono, na ngozi kidogo ikabaki, alipiga teke mguu wa mkaratusi. Mafuta ya gari hayazuii teke. Banda lilianguka kwa ubavu, paa likafunguka, na Maliro akaangusha rozari. Kuku walimshika kwa mabawa. Kisha askari alivua kofia yake ya chuma, akainama, akaanza kukusanya mayai. Moja, mbili. La tatu alilishika muda mrefu. Aligonganisha mawili. Yalilia kama mawe.

"Soso ya awa ebotaka mabanga!" alipiga kelele. Kuku wa huku wanazaa mawe.

Walicheka sana, halafu wakaacha ghafla, wote pamoja.

"Unatuchezea, baba?"

"Miye? Hapana, chef."

"Okota. Moja moja. Hesabu."

Melchior alipiga magoti mbele ya mke wake na mama yake. Aliokota mawe, akayahesabu kwa sauti, na alipofika kumi na manane alikuwa amekwisha kuyatambua. "Haya ni mawe yangu," alinong'ona, bila kumwambia mtu yeyote. Yule mkubwa alitosheka. Ndipo Melchior, akiwa bado amepiga magoti, akakumbuka kitu alichosikia sokoni.

"Chef, na bon, karatasi ya deni? Banasema serikali italipa."

Askari alimtazama kama anayemtazama mtoto. Akapasua karatasi ya pakiti ya sigara, akachukua kipande cha makaa, na kwa kuwa kuandika hakujua, alichora kuku. Alichora kwa moyo mwema, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Lakini alimpa miguu minne.

"Serikali italipa mbuzi," alisema Melchior walipokwisha kuondoka. Hakuna aliyecheka, na yeye hakuwa anachekesha.

Maliro alikuwa amesimama juu ya mawe. Aliyatazama. Alimtazama Kyakimwa. Kisha alimtazama Kavira, aliyekaa juu ya paa lililoanguka, na kile kitambaa chake cha mafundo mawili.

"Alikula ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nane, mama."

Mzee alichukua ile kamba yake, akaanza kufungua mafundo, moja baada ya jingine. Ilimchukua muda. Alipofika mwisho alimwinamia mjukuu wake na kumbonyeza mguu kidole. Alingoja shimo lijae. Alingoja tena.

"Alikuwa anaanza kucheza," alisema Kyakimwa. "Ulimuona. Alikimbiza kuku."

"Usiniambie kitu," alisema Maliro. "Hakuna kitu nilisikia."

Lakini jioni ile alimgawia Kavira bukari yake, na mtoto hakuigusa.


Sikitu alifika kwa miguu. Siku mbili kutoka Beni, kanga imefungwa kiunoni, viatu mkononi ili visiishe. Aliketi juu ya fungu la mawe bila kukaribishwa.

"Lori maaskari balichukua," alisema. "Balimuchukua na Asumani, aendeshe. Wapi, sijue. Jumaine iko kwa shangazi yake. Nyumbani hapana tena kitu, Mama Kavira. Njo maana nilikuya kutwaa kuku yangu. Nitauzisha. Hii njo kitu inabaki."

Kyakimwa alimletea maji. Maji yalikuwepo. Kisha alileta ile karatasi ya sigara, akaishika kwa mikono miwili.

"Maaskari balichukua, Mama Jumaine. Siku ya ine. Hii njo bon."

Sikitu alinyoosha karatasi juu ya goti.

"Hii ni mbuzi."

"Ni kuku. Walichora vibaya. Ona nyumba yake, balivunja."

"Nyumba naona. Nyumba inaweza kuanguka yenyewe, bwana yako alijenga." Melchior, mlangoni, aliinamisha kichwa. "Mwezi ule uliambia Asumani maaskari balikula mayayi. Maaskari gani? Hawa balifika siku ya ine, nilibakuta miye mwenyewe njiani, bakiwa banatoka. Mbele yao hapakukuwa maaskari. Leo unaniambia tena maaskari. Kuku yangu uliuzisha wapi, Mama Kavira? Sema tu. Nimechoka, sitapiga kelele."

Ukweli wa Kyakimwa ulikuwa umekaa palepale, ameushika mikononi, una miguu minne, na hakuna mtu aliyeuamini. Machozi yalikuja, na machozi hayakusaidia, kwa sababu mwizi pia analia.

Ndipo Maliro aliponyanyuka kutoka kwenye kiti chake. Alijinyoosha, akaishika rozari juu kidogo ili ionekane.

"Wee mama, unisikie miye muzee. Miye tangu banibatiza, kinywa yangu haijue uongo. Mayayi balikula maaskari. Walikuya mara mbili. Mara ya kwanza niliona na macho yangu, balikuwa bachache." Alimtazama Kyakimwa pembeni, akaendelea, sauti ikipanda. "Na usidhani kama tulikula siye. Katika nyumba hii hakuna mutoto mwanamuke alionja yayi. Hata moja! Hiyo kwetu haiwezekane. Uliza mutu yote."

Sikitu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mzee. Kisha macho yake yalimwendea Kavira, aliyekuwa amekaa pale alipowekwa, miguu imevimba, juu ya debe lililokunjamana. Alimkumbuka. Alikumbuka nywele zile kati ya vidole vyake viwili.

"Na hii kitambaa ni ya nini, jua haiko?"

Sikitu alivuta mtoto karibu, polepole, akafungua fundo la kwanza. Akafungua la pili. Alitenganisha nywele kwa kidole gumba. Juu zilikuwa nyekundu. Chini, kwenye ngozi, upana wa ukucha, hazikuwa nyekundu.

Alikiweka kitambaa juu ya goti lake.

"Hao maaskari bako na kazi ya ajabu, mukaka," alimwambia bibi yule. "Bao banakula mayayi, nywele inaota ku mutoto yenu."

"Ni mafuta," alisema Maliro. Alinyoosha viganja vyake. "Ni mafuta ya mawese. Namupakaka kila asubui, miye mwenyewe, na hii mikono..."

Kavira, aliposikia hewa kwenye kichwa chake kilichofunguliwa, alifunga macho kwa nguvu zote, akafungua kinywa mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akangoja.